Kiti cha Magurudumu Mlangoni mwa Msikiti

Tumeulizwa na ndugu zetu wa darasa: je, yafaa mtu asiyeweza kutembea aingie msikitini na kiti chake cha magurudumu, au akiache mlangoni, abebwe? Kwani wako wanaomzuia, wakisema magurudumu yamepita njiani na huenda yakatia najisi mikeka.

Twasema, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: asili ya vitu ni tohara, wala yakini haiondoki kwa shaka. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wajao msikitini watazame viatu vyao, wakiona uchafu waupanguse, kisha wasali navyo. Basi gurudumu lina kosa gani lisilokuwa la kiatu? Lipanguswe kwa kitambaa, kiti kiingie. Mtume mwenyewe katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alitufu Al-Kaaba juu ya ngamia; na Bibi Umm Salama alipougua, alimwambia atufu naye amepanda. Nao mahujaji wetu warudio kutoka Makka wameviona viti hivi vikizungushwa ndani ya Msikiti Mtukufu. Ajabu ni kuwa lililo halali huko limekuwa haramu kichochoroni petu!

Na mazingatio makubwa zaidi yamo katika kisa cha Arfaja bin As'ad, walichokipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Pua yake ilikatwa vitani zama za Jahiliya, akajifanyia ya fedha, ikamtolea harufu mbaya. Mtume akamwamuru ajifanyie ya dhahabu. Na dhahabu, kama ijulikanavyo, ni haramu kwa wanaume. Hakuambiwa astahamili, wala ajifunike uso.

Basi kiti ni mguu wa mwenyewe. Kumnyanyua mtu bila ya idhini yake, kama gunia la mchele lishushwalo bandarini, ni kumvunjia heshima, ijapokuwa nia ni njema. Vilevile wako watoao viti kwa sadaka, kisha humpiga picha aliyepewa na kuieneza katika simu mji mzima. Hayo ni masimbulizi, na Qurani imekwisha kutuonya kuwa hubatilisha sadaka.

Twaona misikiti ikichangiwa marmar na minara, na ngazi za mlangoni ni zile zile. Kamati zetu na zianze na mteremko wa saruji, kabla ya mnara mwingine.