Uliza Mwili wa Nani

Mwanangu, nasikia umeingia mwaka wa pili na famakolojia inakutoa jasho. Unakesha na madesa ya waliokutangulia, unakariri dawa, kundi, madhara, dawa, kundi, madhara, mpaka alfajiri. Ukitoka kwenye mtihani yote yameyeyuka. Sisemi usikariri. Majina lazima yakae kichwani, bila hayo utakula sapu hata uwe na akili namna gani. Lakini ukikariri kabla hujaelewa dawa inapita wapi mwilini, umebeba kuni zisizofungwa kamba.

Kwenye toksikolojia mtatajiwa mapema Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyeandika mwaka 1538 kwamba kinachotenga dawa na sumu ni kipimo. Mwamini, ila usiishie hapo. Mimi niliyezeekea kwenye dirisha la dawa naona lipo swali la pili: kipimo hicho kimeingia mwili wa nani, na humo kimekuta nini?

Chukua parasetamoli, maana hiyo hata bibi yako anayo chini ya mto. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sehemu kubwa ya dawa hufungwa na ini, ikatoka na mkojo bila shida. Sehemu ndogo hugeuzwa na vimeng'enya kuwa kitu kikali kiitwacho NAPQI, nacho huzimwa na glutathioni, akiba ambayo ini limejiwekea. Mtu akimeza kiganja kizima, ile njia ya kawaida huzidiwa, NAPQI hutengenezwa kwa wingi, akiba huisha, na chembe za ini huanza kufa. Akiba yenyewe haiko sawa kwa watu wote. Aliyeshinda siku kadhaa bila kula anayo kidogo. Hapo utaona kwa nini tiba ya aliyezidisha parasetamoli ni N-asetilisisteini: inalipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni upya, na inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 8. La kutisha ni kwamba mgonjwa anaweza kutapika siku ya kwanza, siku ya pili akasema amepata nafuu, ndugu wakaomba ruhusa arudi nyumbani, kumbe ini ndiyo kwanza linaharibika. Ifuate njia hii moja hadi mwisho, na jedwali la dalili utalichora mwenyewe.

Halafu geukia atropini. Imo kwenye mnanaha, ule mmea unaotia watu wazimu. Mtu mzima asiye na tatizo ukimpa miligramu 10, mdomo utakauka, moyo utamwenda mbio, ataweweseka. Sasa analetwa mkulima aliyekunywa dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti. Kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kimezuiwa. Mate na jasho vinamtiririka, mboni zimesinyaa, mapafu yanajaa majimaji, anazama akiwa kitandani. Huyu hupewa atropini, na dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikauke. Wanafunzi hupenda kujibu kwamba unasimama mboni zikipanuka. Hapana, sikiliza mapafu. Anaweza kumaliza kiasi ambacho kingemwehusha jirani yake wa kitanda cha pili, na kwake huo ndio uzima.

Wakati mwingine kipimo hakibadiliki kabisa, mwili ndio unaobadilishwa. Rifampisini ya kifua kikuu huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, na mama anayeitumia huku akimeza vidonge vya uzazi wa mpango bila kuruka hata kimoja anaweza kupata mimba. Ndiyo maana pia mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Na kile kipindi cha uchambuzi wa dawa mnachokikimbia kwa kuchoshwa na titresheni, msikikimbie, maana kabla ya kuuliza mwili wa nani lazima ujue ndani ya chupa kuna nini. Mwaka 1937 huko Marekani, dawa ya maji ya sulfanilamaidi iliua watu zaidi ya 100. Kilichowaua ni dietilini glaikoli, kimiminika walichoiyeyushia, ambacho hakikuwa kimejaribiwa kwa usalama. Sheria kali ikaja mwaka uliofuata. Mwaka 2022, Gambia, watoto wakafa kwa figo kushindwa kazi, na dawa za maji zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na sumu ileile.

Ukienda fildi likizo hii, omba ukae dirishani, stoo waachie wengine. Mama akija na mtoto mwenye homa, usikimbilie kumpa chupa. Muulize mtoto ana kilo ngapi, kisha piga hesabu mbele yake: miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo. Mwambie akuonyeshe kwa mkono anajazaje kijiko, na ni kijiko kipi, maana vya jikoni havilingani. Muulize tangu jana amempa nini. Wengi watakutolea kwenye mkoba dawa ya mafua waliyonunua duka la jirani. Igeuze pakiti usome maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi utakuta parasetamoli imo humo pia.