Mkono Unaosukuma Mtumbwi



Liko swali moja ambalo sisi tunaokaa kando ya ziwa hatuna budi kulijibu, hata kama ndugu zetu wa nchi kavu wanaweza kulipita bila kulitazama. Swali ni hili: mtu aliyesaidia kusukuma mtumbwi majini, je, ana sehemu yoyote katika mambo yatakayoupata mtumbwi ule huko mbele? Hatuulizi habari za mwenye mtumbwi, wala za nahodha. Hao serikali inawajua, na Mungu anawajua. Tunauliza habari za yule aliyekuwa akipita mwaloni na ndoo yake, akaitwa, akaweka ndoo chini, akatia bega, akasukuma, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake nyumbani.

Watu wa pwani wana neno lao zuri kwa kazi hii. Husema kushua chombo. Sisi wa Kisorya na vijiji vya jirani husema tu kusukuma mtumbwi, na neno letu lina ukweli wake, kwa kuwa linataja mikono ya watu. Mtumbwi wa mbao wa kuvulia dagaa ni mzito. Watu wawili hawauwezi, na wanne watautikisa tu. Kwa hiyo hulazwa magogo chini ya mkuku, watu hujipanga ubavuni kulia na kushoto, mmoja huita na wengine huitikia, na kwa itikio lile mtumbwi hutembea. Mwenye akili hasimami upande wa maji mbele ya mtumbwi unaoteremka, maana ukishapata mwendo juu ya magogo hakuna wa kuushika. Tena tuseme wazi kwamba ile desturi ya kuwaachia watoto kuokota gogo lililobaki nyuma na kukimbia nalo hadi mbele, waliweke tena chini ya mtumbwi unaokwenda, ni desturi mbaya. Wazazi wanaoitazama na kucheka wangefaa kuikomesha leo.

Kabla ya kusukuma yako mambo ya kutazamwa, na wavuvi wazoefu huyatazama bila kuyasema: nyufa zilizozibwa zimeshika au zimeachia, makasia yamo ikiwa injini itazimika, chombo cha kuchotea maji kimo, mawingu ya upande wa ziwa yakoje. Abiria na mizigo huingia mtumbwi ukiwa umekwisha kuelea, maji yakifika magotini. Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa msomaji alishike, kwa sababu hoja yetu yote inasimama juu yake. Mtumbwi ukijazwa kupita kiasi hushuka, tumbo lake likakaa mchangani, nao hauendi. Hapo huitwa watu mara ya pili waje wausukume. Msukumo wa kwanza hauna neno, kwa maana mtumbwi ni mtupu. Huu wa pili husukuma kitu ambacho ziwa lenyewe limekwisha kukataa kukibeba, na kila mwenye macho anaona jinsi ubavu uliobaki juu ya maji ulivyo mdogo.

Linganisha na boti zile za faiba zinazoletwa juu ya tela nyuma ya gari. Kazi yake ni nyingine kabisa. Kabla magurudumu hayajagusa maji, mtu mmoja hukagua kizibo cha tundu la nyuma, kwa kuwa boti isiyo na kizibo hujaa maji mara inapoelea. Mikanda hufunguliwa, lakini waya wa mbele huachwa hadi mwisho, ili boti isiteleze ikaangukia nchi kavu. Gari hurudi nyuma polepole sana, maana mteremko uliozoea maji huota utelezi. Likisimama hufungwa breki ya mkono na kuwekewa mawe nyuma ya magurudumu, wala hakuna anayeruhusiwa kusimama kati ya tela na maji. Tena mwenye kumwelekeza dereva huwa mmoja. Dereva akisikia sauti mbili zinazopingana, husimama. Faida ya utaratibu huu si usalama wa boti peke yake. Jambo likiharibika, inajulikana ni nani aliyesema, “Rudi nyuma.” Kwenye magogo yetu watu ni ishirini na sauti ni moja, lakini ukiuliza baadaye sauti ile ilikuwa ya nani, hutampata mwenyewe. Kila mmoja atakuambia, “Mimi nilisaidia tu.”

Neno hilo, “nilisaidia tu,” si geni katika Maandiko. Walipompiga Stefano kwa mawe, kijana Sauli hakutupa hata jiwe moja; alilinda nguo za waliotupa. Kama angeshtakiwa barazani pengine angeachiliwa. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha kuwa mtume, yeye mwenyewe aliitaja kazi ile ya kulinda nguo mbele ya watu wa Yerusalemu, katika sura ya 22 ya Matendo ya Mitume, na aliitaja kama sehemu yake katika damu ile. Hatuna haja ya kumhukumu kuliko alivyojihukumu. Hata hivyo tukubali kwamba mfano huu unachechemea kidogo. Sauli aliridhia kifo cha Stefano, na mwenye ndoo yetu haridhii kifo cha mtu yeyote. Anachotaka ni kumfaa jirani yake, kama alivyofundishwa na wazee wake na kanisa lake pia.

Mwalimu mmoja mkubwa wa Kanisa la zamani, Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alizihesabu njia tisa ambazo kwazo mtu huweza kuwa mshiriki katika hasara aliyoitenda mwingine. Miongoni mwake alitaja kuamuru, kushauri, kukubali, kushiriki kazi yenyewe, na mwishoni kunyamaza na kutozuia. Lakini alikuwa mwangalifu. Alisema kwamba mwenye kunyamaza hafungwi siku zote kulipa hasara. Hufungwa yule ambaye cheo chake kilimpasa kusema. Basi wako watakaoshika hapo na kusema: nahodha ana cheo, mkaguzi ana cheo, kamati ya mwalo ina cheo, mimi sina. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ingemfaa mtu aliyekaa chini ya mwembe akitazama. Haimfai aliyetia bega. Huyo hakunyamaza tu. Ameshiriki kazi, na mtumbwi usingeondoka bila mikono kama ya kwake.

Tusome pia sura ya 27 ya kitabu kile kile, safari ya Paulo kwenda Rumi. Majira mazuri ya kusafiri yalikuwa yamepita. Paulo, aliyekuwa mfungwa, aliwaonya. Akida alimsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa, jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Lakini Luka anaongeza habari ambayo mara nyingi tunaipita upesi: walio wengi walishauri waondoke. Tena upepo wa kusini ulivuma kwa upole, nao wakang'oa nanga. Wako wanaopenda kutukumbusha kwamba watu wote 276 waliokoka. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu. Hata hivyo merikebu ilivunjika na shehena ilitupwa baharini, wala Paulo hakupata kuwaambia kwamba walifanya vema kuondoka. Aliwaambia wazi kwamba wangalimsikiliza. Anayeitumia sura hii kuwapandisha watu katika mtumbwi uliojaa ameisoma kwa kuanzia mwisho.

Ziwa letu lina kumbukumbu zake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitoka Bugolora, na waliokufa walizidi 220. Hiyo ilikuwa ng'ambo tu ya maji yetu, na ziko familia za upande huu zilizozika. Gatini hakuna anayesukuma kwa bega, lakini yuko anayepakia gunia, yuko anayepokea nauli, na yuko anayefungua kamba. Kisha mwezi Julai 2023, siku ya Jumapili tarehe 30, huko Mchigondo katika wilaya yetu hii ya Bunda, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wakirejea kutoka ibadani ilizama, wakafa watu zaidi ya kumi, watoto wakiwamo. Hatuyaandiki haya ili kumnyoshea mtu kidole. Tunayaandika kwa kuwa wale wa Mchigondo hawakuwa wavuvi wenye tamaa ya samaki, wala wafanyabiashara wenye tamaa ya faida. Walikuwa watu kama sisi wenyewe tunaosoma jarida hili, wenye Biblia zao mkononi.

Sasa tuwasikilize wenye hoja ya upande wa pili, kwa maana si wajinga. Wa kwanza husema: kila msukumaji akianza kuuliza maswali, hakuna mtumbwi utakaotoka, na watu watalala njaa. Tunajibu kwamba swali moja halimalizi usiku wa kuvua. Wa pili husema kwamba kutaja kuzama pale mwaloni ni mkosi. Hili halistahili jibu refu katika jarida la kanisa. Kama maneno yangalizamisha mitumbwi, wavuvi wanavyotukana asubuhi wasingelibaki na mtumbwi hata mmoja.

Wa tatu ndiye mgumu. Yeye husema: ikiwa ndani ya mtumbwi yuko mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali, na upepo umechafuka, nisukume au nisisukume? Nikisukuma, huenda wakafa wote. Nikikataa, huenda akafa mama na mtoto wake, nami nitakuwa nimemwua kwa mikono niliyoikunja. Kwa kweli hatuna kanuni ya kumpa ndugu huyu ambayo itamwondolea uzito wake. Tunachokiona ni kwamba hata hapa kazi yake haiishii katika kuchagua moja kati ya mawili. Anaweza kusema, “Huyu mama aende, na nahodha, na mtu mmoja wa kuchota maji, ninyi wengine shukeni, na mizigo ishuke.” Mara nyingi mgonjwa hutumiwa kama tiketi ya watu kumi wenye safari zao.

Kwa maoni yetu uzito wa jambo hili uko mahali lilipo. Mtumbwi ukiwa katikati ya maji una mkubwa mmoja, nahodha, na ni vema hivyo, kwa sababu mabishano katikati ya ziwa huua. Mtumbwi ukiwa mchangani ni wa watu wengi, hauwezi kwenda bila wao. Pale ukingoni, kati ya mchanga na maji ya magotini, ndipo mahali pa mwisho ambapo watu wa kawaida wana sauti. Mbali ya hapo watabaki na sala tu, na sala ni njema, lakini Mungu alikwisha kuwapa mikono dakika tano kabla. Kumbukeni pia sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba yule hakumsukuma mtu. Alidaiwa kufikiri mapema, basi.

Na sala yetu ya kuungama, tunayoisema pamoja tukiwa tumepiga magoti, haitaji mabaya tuliyoyatenda peke yake. Inataja na yale tuliyoyaacha. Sisi wazee tumeisema mara nyingi kiasi kwamba midomo inakwenda yenyewe.

Yupo mzee mmoja wa mwaloni ambaye tumemwona akiitwa katika msukumo wa pili. Alikuja, akatazama ubavu wa mtumbwi, akaondoa mikono yake. Akasema magunia mawili na mbuzi washuke. Nahodha alimfokea, na abiria waliokuwa na haraka walimfokea kuliko nahodha. Lakini watu wengine watano sita nao walikuwa wameondoa mikono, na mtumbwi ulikuwa umekaa pale pale mchangani. Baada ya maneno mengi magunia yalishushwa na mbuzi akashushwa, ndipo yule mzee akatia bega pamoja na wengine. Usiku ule ziwa lilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. Asubuhi vijana walimcheka: “Mzee, uliona nini? Si wangefika tu hata na mbuzi?” Akawajibu kwamba ndiyo, huenda wangefika. Kisha akauliza kama kuna mtumbwi mwingine wa kusukumwa, kwa kuwa alitaka kwenda shamba kabla jua halijawa kali.