Nyutro Imekatika



Jumamosi moja jioni tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya hapa Chanika, ghafla taa za ukumbi zikazima. Kwa majirani kunawaka, yuniti zipo, sisi tuko gizani. Fundi akaja, akapima waya wa moto: umeme upo. Akacheka, "Nyutro imekatika." Kumbe umeme ulikuwa unafika mpaka kwenye taa, ila haukuwa na njia ya kurudi. Na umeme usio na njia ya kurudi hauwashi kitu.

Nilikaa na maneno yale, maana wiki ile nilikuwa nimeshaamua kuacha utumishi. Sikukuu ya somo wa parokia ilipita, orodha ya shukrani ikasomwa ndefu kweli, lakini sisi tulioteka maji alfajiri na kuosha masufuria mpaka usiku hatukutajwa. Nikanuna. Nikasema basi, na mimi nitakuwa nakuja kukaa tu kwenye benchi.

Huenda uliziona zile picha za Mei 2024, anga la Ulaya na Marekani limekuwa kijani na jekundu. Ilikuwa dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu 2003. Mwanga ule unaitwa aurora. Chembe za umeme, yaani elektroni, hushuka kwa kasi zikifuata sumaku ya dunia, zikaigonga hewa kuanzia kama kilomita 100 juu, nayo hewa ikawaka, mara nyingi kama utepe mrefu.

Watu wote wanapiga picha utepe. Lakini pembeni yake, penye giza, elektroni nyingine zinapanda kurudi juu, na katikati umeme unavuka kutoka upande huu kwenda ule. Hapo ndipo mzunguko unakamilika. Pasipo giza lile, utepe usingewaka. Tena waliopima wamekuta kwamba msukumo wa umeme mara nyingi ni mkubwa zaidi pale pembeni gizani kuliko ndani ya utepe wenyewe.

Mnorwei mmoja, Kristian Birkeland, alisema mapema katika karne ya 20 kwamba mikondo hiyo inashuka kutoka juu na kurudi. Wengi walimbishia. Alifariki 1917, na setilaiti zikaja kuipima mikondo hiyo miaka ya 1960 na 1970.

Huku kwetu Afrika Mashariki aurora hatuioni. Hata hivyo, kila mchana mkondo mkubwa wa umeme unapita juu ya Ethiopia, zaidi ya kilomita 100 angani, na hakuna jicho linaloona chochote.

Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho (1 Kor 12) kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana. Na Yesu (Mt 6) anatuambia kuna Baba anayeona sirini. Basi wewe unayefagia kanisa kabla ya Misa ya kwanza, wewe unayemsindikiza bibi wa jumuiya hospitali, wewe unayesali na huhisi kitu: uko kwenye giza la pembeni, na mkondo unapita kwako. Ukijikata, taa inazima kwa wote.

Na wewe uliye kwenye utepe, unayeshika maiki na kupigiwa makofi, geuka uangalie pembeni. Shukrani ni njia ya kurudi. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja (Lk 17).

Mimi kununa hakukuisha siku hiyo hiyo, nisikudanganye. Ila Jumapili iliyofuata nilirudi kwenye masufuria.

Wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye hajawahi kutajwa, umwambie asante kwa jina lake.

Tusali: Ee Bwana, unayeona sirini, pitisha neema yako kwetu, hata pale tusipowaka. Amina.