Msuli Usiodaiwa Kazi

Nyuma ya goti, upande wa nje, huanza msuli mdogo uitwao plantarisi. Nyama yake haizidi sana urefu wa kidole. Iliyobaki ni kano ndefu, nyembamba kama uzi wa kushonea gunia, inayoteremka katikati ya misuli miwili mikubwa ya shavu la mguu mpaka kisigino. Wanafunzi wa udaktari huidhania kuwa mshipa wa fahamu. Nguvu yake katika kutembea ni ndogo mno, na karibu mtu mmoja kati ya kumi hana kabisa msuli huu, wala hajui.

Kwa kima wengi ni mkubwa, na hufika hadi wayo. Sisi tulianza kutembea wima zamani: nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zilizogunduliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.

Huku kwetu Mbebe, wilayani Ileje, mguu hauna likizo. Mtu hupimwa kwa namna anavyopanda mlima na mzigo. Ndiyo maana msuli huu ulinijia akilini tulipokaa kikao cha ukoo kugawa shamba la marehemu babu. Baba mdogo, ambaye tangu utoto hawezi kushika jembe, alikuwapo. Baba mkubwa akauliza: "Huyu amechangia nini?"

Tukaanza kumtafutia kazi. Analinda nyumba, akasema mmoja. Anajua majina ya waliolala makaburini, akasema shangazi. Hata plantarisi hutetewa hivyo: kano yake huweza kukatwa ikaunge kano ya mkono iliyoharibika. Ni kweli. Lakini utetezi huo unaupa msuli thamani siku unapoondolewa. Na baba mdogo je, siku atakapoyasahau majina?

Baba mkubwa hakuwa mchoyo. Ardhi ni finyu, na mgongo unaouma ni wake. Anayelima ana haki ya mavuno zaidi. Hapo sina ubishi. Ila mavuno ni ujira, urithi si ujira. Babu hakuwaachia wanawe shamba kwa sababu walililima. Aliwaachia kwa sababu ni wanawe.

Damu huufikia msuli ule kama inavyoifikia mingine, bila kuuliza. Najua mwili si mwalimu wa maadili. Hulisha hata uvimbe. Mwili hauchagui. Sisi tunachagua, na kwa hiyo tunaulizwa.

Baba mdogo alipewa nusu eka, kule chini karibu na barabara. Baba mkubwa ndiye anayeilima sasa, na mahindi wanagawana. Kila msimu wanabishana juu ya debe moja au mawili, kama ndugu wowote wenye shamba.