Kutojua si Hoja

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wazee wetu. Lakini hawakusema kuwa giza ni ushahidi. Mtu aingiapo gizani wajibu wake wa kwanza ni kutafuta taa, si kutoa hukumu.

Bakteria ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Baadhi yao huogelea kwa mkia mwembamba uzungukao kama rafadha ya meli. Katika mwaka 1996 Michael Behe, profesa wa Chuo Kikuu cha Lehigh huko Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba mtambo wa mkia huo ni kama mtego wa panya: ondoa kipande kimoja, na vilivyobaki havinasi kitu. Basi, alisema, haukuweza kujengeka hatua kwa hatua, kama Charles Darwin alivyofundisha katika mwaka 1859. Lazima ulibuniwa na mwenye akili.

Hoja hii haistahili kuchekwa. Darwin mwenyewe alikiri kwamba kiungo kisichoweza kufanyika kwa mabadiliko madogo madogo kingeivunja nadharia yake. Lakini dai hupimwa. Wachunguzi walikuta kwamba bakteria wa tauni wana kitu kama sindano cha kutilia sumu katika chembe za mwili, nacho kina protini kadhaa zinazofanana na zile za shina la mkia. Sindano hiyo haiogelei, lakini ina kazi. Jambo hili halisimulii historia yote ya mkia. Laonyesha tu kwamba sehemu ya mtambo yaweza kufaa bila ya mtambo mzima.

Katika mwaka 2005 mahakama moja ya Pennsylvania iliamua kwamba fundisho la ubunifu wenye akili si sayansi. Miongoni mwa mashahidi waliolipinga alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki. Kumwamini Mungu hakukumfanya aufunge mlango wa uchunguzi.

Imani iliyojengwa juu ya pengo la elimu hupungua kila pengo lizibwapo. Na elimu ijivunayo kuwa imemfukuza Muumba imesema jambo isilolipima. Kijana, ukiulizwa usilolijua, jibu: “Sijui, nitatafuta.” Neno hilo si aibu. Aibu ni kuliita giza nuru.