Kibao cha Mti Kando ya Barabara

Vibao vya kumbukumbu tumezoea kuviona vikitaja majemadari na vita. Katika kaunti ya McIntosh, jimbo la Georgia nchini Marekani, kipo kimoja kinachoukumbuka mti: Franklinia, uliokuwa ukiota porini karibu na mto Altamaha na sasa haupo tena huko. Kinanigusa kuliko sanamu nyingi za wakubwa.

Mwaka 1765 John Bartram, mkulima wa Philadelphia aliyejifunza mimea kwa juhudi zake mwenyewe, aliuona mti huo akiwa safarini na mwanawe William. Baadaye William alirudi, akachukua mbegu, zikapandwa katika bustani ya familia. Waliupa jina la rafiki yao Benjamin Franklin. Mara ya mwisho kuonekana porini ni 1803. Wapo wanaolaumu moto au mafuriko, wengine ugonjwa uliotoka kwenye mashamba ya pamba.

Ni wa ukoo mmoja na mchai. Ua lake ni jeupe, petali tano, katikati njano iliyokolea, nalo hufunguka kiangazi kikielekea ukingoni, miti mingine ikiwa imeshamaliza kuchanua. Majani huanza kuwa mekundu maua yangali mtini. Tunda halina haraka: huchukua zaidi ya mwaka kuiva.

Leo Franklinia imepandwa katika bustani nyingi, na yote inaaminika kuwa kizazi cha mbegu zile za William. Basi msiba uko wapi, mtu atauliza, ikiwa mti u hai? Kwangu msiba upo. Bustanini unaishi kama mkimbizi aliyepata wenyeji wema: anakula, analala, lakini kwao hakuna aliyebaki. Wenyeji wakichoka, ndiyo basi.

Ndiyo maana nayawazia maua madogo ya zambarau ya milima ya Usambara. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, na siku hizi yanauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Sisi bado tunayo kwao, yameshika miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Miti ya juu ikikatwa, jua huyaunguza. Natamani kila mtoto wa Muheza na Lushoto apelekwe na mwalimu wake akayaone pale pale mwambani.