Wiki ya Kumi na Tatu

Mara ya kwanza nilipata alama 58. Mara ya pili 74. Mara ya tatu nilipata 93, nikashangilia peke yangu chumbani, Shinyanga mjini, saa sita usiku, bando likiwa linakaribia kuisha.

Yalikuwa mafunzo ya usimamizi wa miradi kwa njia ya mtandao. Yametengenezwa kwa ajili ya mameneja wa kampuni, nasi wanafunzi wa uzamili tukapewa kama sehemu ya kozi. Hakuna mhadhara. Unapewa mradi wa kuigiza: wiki 12, bajeti, wafanyakazi wanane na mteja asiye na subira. Kila wiki unaamua kama uajiri mtu mwingine, uongeze saa za kazi au uwape watu mapumziko. Ukibonyeza, kompyuta inakuonyesha gharama, muda, na mstari wa kijani unaoitwa ari ya timu.

Siri ya ile 93 ni hii. Niligundua kuwa ukiwabana watu kwa saa za ziada, ari haishuki papo hapo; huchelewa kama wiki mbili. Basi nikawatunza vizuri hadi wiki ya kumi, kisha nikawakamua wiki mbili za mwisho. Mradi ukaisha kabla uchovu haujaonekana. Uchovu wao ulikuwa wa wiki ya kumi na tatu, na wiki hiyo haimo kwenye mchezo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Geita kumsalimia mjomba, ambaye amekuwa mchimbaji mdogo tangu sijaanza shule. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwonyesha mchezo kwenye simu. Akautazama kwa makini.

"Hawa watu wako wanaitwa nani?"

Nikamwambia hawana majina. Kuna mhandisi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Na matimba yakioza, nani anakuambia?"

Nikasema wao hawasemi kitu. Akanirudishia simu. "Basi, mpwa wangu, umepata vibarua wazuri."

Sidharau kujifunza kwa kuigiza. Tangu Edwin Link wa Marekani alipotengeneza mashine yake mwaka 1929, marubani wamekuwa wakikosea wakiwa ardhini ili wasikosee angani. Ni heri kuangusha ndege ya uongo mara mia. Lakini rubani amekaa ndani ya ndege ileile na abiria wake. Mashine inamfundisha ujuzi, hofu anayo tayari. Meneja anaweza kukosea akiwa ofisini, kifusi kikawaangukia wengine. Yeye anahitaji kufundishwa vyote viwili. Mimi nilifundishwa kimoja, nikapewa zawadi kwa kukosa cha pili.

Mtu atasema: hakuna aliyeumia, wale ni picha tu. Ni kweli, wao sikuwakosea. Lakini mazoea hujenga tabia, na nilichozoea mimi ni kuamini kwamba jambo linaisha pale hesabu inapofungwa.

Mkoa wetu una sababu ya kulitilia shaka hilo. Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, ulititia na kuwafukia watu. Wengine waliokolewa mapema. Kuna waliobaki chini. Siku zikapita, na huku juu wakahesabiwa kuwa wamekufa. Kumbe walikuwa hai gizani, wakila mizizi na wadudu, wakikinga maji yaliyokuwa yakidondoka. Mmoja wao alifariki humo. Watano walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41.

Siwalaumu waliokata tamaa. Pengine nami ningekata. Ninachofikiria ni zile siku za katikati, ambazo hesabu ya juu ilikuwa imefungwa na watu wake walikuwa bado wanapumua. Kwenye mchezo wangu siku hizo haziwezi kuwepo. Kisichoonekana kwenye skrini, hakipo. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya anayesimamia watu ni kuamini kwamba kipo, na kwenda kusikiliza.

Niliporudi nilicheza mara ya nne. Nilijiwekea sharti: nisiwafanyie wiki ya kumi na mbili jambo ambalo nisingewafanyia kama kazi ingeendelea mwaka mzima. Nikachelewesha mradi, mteja akalalamika, nikapata 81.

Sasa naomba kazi kwa mkandarasi mmoja wa migodini, na fomu ina nafasi moja tu ya alama. Nimeandika 81. Mama anasema ni ujinga, kwa kuwa hakuna atakayeniuliza 93 niliipataje, na nafasi itakwenda kwa mwingine aliyebana watu wake vilevile. Inawezekana mama ana haki. Hiyo nayo ni gharama, na safari hii naibeba mwenyewe.